Kadi ya Nyumba ya Asekenye

Jumatatu, 5 Desemba 1966

Kinu kimefunguliwa leo kwa msimu mpya, nami nimefungua daftari hili. Lilikuwa daftari la mahudhurio, mpiga chapa akalikosea mistari, ofisi ikaagiza litupwe. Nimelitupia mkobani mwangu. Nitaandika kwa Kiswahili nilichofundishwa na mjomba wangu kule Busia ya Kenya. Kiingereza Meneja anakisoma mpaka nukta, Dhopadhola, lugha ya kwetu, kila jirani wa kota hizi za kinu anaijua, lakini Kiswahili cha kuandikwa hapa hakuna mwenye subira nacho. Watu wanakisema tu, wanauzia ndizi.

Mimi ni Eriya Okanya wa Kiyeyi, karani wa wafanyakazi katika kinu cha pamba, barabara ya Tororo kwenda Busia. Kazi yangu ni kuandika watu na kufuta watu. Leo nimeandika vibarua mia moja na arobaini. Kila mmoja amepewa kadi yenye jina, namba, na alama ya kidole gumba cha kulia. Nyuma ya kadi kuna mhuri: KADI HII NI YA MTU MMOJA. Wengi wao hawasomi, kwa hiyo maneno hayo hayamsumbui mtu.

Ukweli ni kwamba kadi ni ya nyumba. Huku kwetu kazi haipewi mtu, inapewa boma zima. Mmoja anaandikishwa, akiwa na shamba la kupalilia anamtuma ndugu yake, ndugu akifiwa anamtuma shemeji. Asubuhi langoni natazama namba, sitazami uso. Hivyo mashine hazikosi mtu hata siku moja, wakati kinu cha jirani kinakimbizana na watoro kila wiki. Meneja analijua jambo hili tangu siku aliyofika. Aliniambia, "Eriya, mashine haijui jina la mtu. Mradi isisimame."

Meneja wetu ni Bwana Oriokot. Miaka mitano iliyopita alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Nilimsikia kwa masikio yangu katika mkutano pale Tororo, amesimama juu ya sanduku la sabuni, akitufundisha sheria: mtu akikufanyia kazi nawe unamtazama, huyo ni mfanyakazi wako, hata kama hukumwandika popote. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Alipoletwa hapa kuwa meneja nilimwambia mke wangu Robinah kwamba sasa tumepata mtu wetu.

Jumatano, 7 Desemba

Kadi namba 88, mashine namba nne: Imalingat, wa Osukuru. Mwanamume mrefu, maneno machache, mkono mwepesi kuliko wote tulio nao. Ana kovu la panga lililopita katikati ya kidole gumba, kwa hiyo alama yake kwenye kadi ina mstari mweupe kama njia ya siafu. Ana mdogo wake, Otai, anayempokea kazi. Mama yao ni mjane, anaitwa Asekenye, na ndiye anayeamua nani aje leo na nani abaki shambani.

Nilimtania Imalingat kwamba mhuri wangu unasema kadi ni ya mtu mmoja. Akajibu bila kucheka, "Hii kadi iko ya nyumba yetu, karani. Leo mimi, kesho yeye. Tumbo iko moja."

Jumamosi, 10 Desemba

Vumbi la pamba puani, kooni, ndani ya uji. Robinah anasema nikikohoa naweza kujaza mto.

Jumanne, 20 Desemba

Meneja ameagiza vifuniko vya visu vitolewe kwenye mashine nne za kwanza. Vinachelewesha pamba. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba mkaguzi wa viwanda alivisifu. Akasema, "Mkaguzi huja Agosti, pamba huja Desemba." Watu wote ofisini walicheka. Mimi pia nilicheka, na sauti yangu ilikuwa ya juu.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani, nyama, usingizi. Otai alipita na ndugu zake wakitoka kanisani, wakanywa maji kwetu. Robinah anampenda kijana huyo kwa sababu hurudisha kikombe jikoni mwenyewe.

Jumatatu, 9 Januari 1967

Nitaandika yote.

Leo zamu ilikuwa ya Otai. Imalingat alikuwa Osukuru anafunga fito za nyumba ya mama yao. Otai alipita langoni na kadi 88, nikamwona, nikapiga mhuri, akaenda mashine namba nne. Naandika hivi ili nisije siku moja nikasema sikumwona.

Saa nne na kitu nikiwa mezani nikasikia mashine imebadilisha sauti. Mashine ikila pamba inanguruma. Hii ilikoroma. Kisha nikasikia watu. Nilipofika walikuwa wameshavuta mikanda na kuisimamisha mashine. Otai alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, macho makavu, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Pamba yote iliyomzunguka ilikuwa nyekundu. Roli zinazovuta pamba zilishika vidole, kisu kikamaliza.

Swaliki, dereva wa lori la Busia, alikuwa anashusha magunia. Ni Mwislamu, yuko katika mfungo, midomo imemkauka. Hakuuliza ruhusa ya mtu. Alivua kilemba chake akafunga mkono ule mpaka damu ikapungua.

"Beba yeye weka mbele, karani. Wewe naogopa nini? Shika yeye kichwa!"

Nilimshika kichwa njia nzima. Hakulia. Aliniuliza mara mbili kama mashine imeharibika.

Hospitalini muuguzi aliuliza jina la mgonjwa. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Nilimpa kadi, naye akaandika: Imalingat.

Swaliki alikataa maji niliyompa. Akasema jua bado liko juu, akarudi kuendesha.

Jumanne, 10 Januari

Wameukata mkono juu ya kifundo.

Alhamisi, 12 Januari

Meneja ameniita. Alikuwa anachonga penseli, na hakuacha kuchonga.

"Kadi 88 ni ya nani?"

"Ya Imalingat, bwana."

"Nimesikia Imalingat yuko Osukuru anajenga nyumba, mikono yote miwili. Sasa aliyekatwa ni nani?"

"Mdogo wake, bwana. Otai. Wanapokeana. Bwana unajua wanavyopokeana."

"Mimi sijui kitu kama hicho." Alipuliza unga wa penseli mezani. "Sina mfanyakazi anayeitwa Otai. Huyo ni mtu aliyeingia kiwandani kwa kadi ya wizi. Andika hivyo. Mtu asiyejulikana. Na kama ulikuwa unajua, Eriya, basi wewe ndiye uliyemwingiza, na hilo ni jambo kati yako na serikali."

Yule yule wa sanduku la sabuni! Nilitaka kumkumbusha, lakini nilimwitikia tu, "Ndiyo, bwana." Yanayowezekana ni mawili. Otai akitambuliwa kuwa mfanyakazi wetu, kuna fidia kwa sheria, naye anaweza kununua ng'ombe wa kulimia na kuishi kama mtu. Akiwa mtu asiyejulikana, ana kisiki cha mkono na shukrani za hospitali. Anayejaza fomu ya ajali kwa Afisa wa Kazi ni mimi.

Ijumaa, 13 Januari

Waislamu wameona mwezi, leo ni Idi. Swaliki amepeleka pilau hospitalini. Mimi nimekwenda mikono mitupu.

Nilifikiria kuandika ukweli katika fomu: jina lake ni Otai, mimi nilimwona akiingia, Meneja alijua desturi hii, tulimpokea kila wiki. Nilifikiria hivyo kama dakika tano. Kisha nikafikiria kota hii, na watoto wangu shuleni, na barua ambayo Oriokot angeniandikia.

Jumamosi, 14 Januari

Nimepata dawa! Nashangaa sikuiona mapema.

Hospitali imeandika Imalingat. Kadi inasema Imalingat. Kitu pekee kinachoweza kubisha ni alama ya kidole gumba cha kulia, na kidole hicho Otai hana tena. Kimekwenda na mkono. Basi Otai awe Imalingat, na Imalingat awe Otai, avuke kwenda ng'ambo, Kenya, akae kimya mpaka mambo yaishe. Hakuna anayedanganywa isipokuwa anayestahili kudanganywa. Nami sitajwi popote.

Nimekwenda Osukuru kumweleza Mama Asekenye. Imalingat alikuwa ameshaondoka, mama amempeleka kwa Swaliki Busia kubeba magunia, maana kadi 88 imefungwa na nyumba haiwezi kukaa bure. Mama alinisikiliza akichambua kunde.

"Majina iko ya kuita watu kula," akasema. "Kama hii jina nasaidia mtoto yangu, achukue. Lakini karani, kwa nini wewe hapana sema tu ile wewe naona na macho yako?"

Nikamwambia sheria ina mambo mengi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kunde zake.

Jumatatu, 16 Januari

Meneja yuko Mbale kwenye mkutano wa siku tatu. Fomu za kawaida hutiwa sahihi na mimi, kwa niaba yake. Nimeijaza fomu ya ajali: Imalingat, kadi 88, mashine namba nne, mkono wa kulia. Nimeipeleka mwenyewe Tororo, ikapigwa mhuri. Nimerudi nikila karanga njiani kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne, 24 Januari

Meneja ameona nakala ya fomu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Badala yake akasema, "Umefanya vizuri, Eriya. Sheria inataka haraka." Akatabasamu. Pengine bado kuna kitu cha zamani ndani yake.

Alhamisi, 2 Februari

Joto. Majani yote ya Osukuru yamekuwa rangi ya vumbi la mawe. Hakuna jipya.

Jumanne, 7 Februari

Otai ametoka hospitalini. Anajifunza kufunga vifungo. Nilimwita "Imalingat" mbele ya watu ili azoee, akageuka nyuma kumtafuta kaka yake.

Jumatano, 15 Februari

Barua kutoka kwa Afisa wa Kazi: shauri litasikilizwa tarehe tisa Machi. Robinah ameniuliza kama nitasema kweli siku hiyo. Nimemwambia haitafika hapo, karatasi zitasema zenyewe.

Jumatatu, 20 Februari

Siku mbaya kuliko ile ya damu.

Asubuhi Meneja aliingia ofisini kwangu akiwa na mtu nyuma yake. Imalingat. Shati safi, nywele zimekatwa, viatu vya kuazima.

"Eriya," akasema Meneja, mchangamfu kama siku ya harusi, "nimefikiri sana kuhusu familia ile. Mtoto mmoja amepata ajali kwetu. Nikasema, huyu ndugu yake Otai tumsaidie. Nimetuma ujumbe kwa Swaliki, amemleta. Tunampa kazi ya kudumu. Unyapara, mshahara wa mwezi, ovaroli. Andika mkataba."

Imalingat alikuwa ananitazama kwa furaha ya siri. Alijua kwamba sasa anaitwa Otai, mama yake alimweleza, na alijibu jina hilo vizuri kabisa. Asichokijua ni habari ya kidole. Hakuwepo siku ile nilipokuwa najisifu mbele ya mama yake. Na Swaliki masikini, aliyemleta kwa lori lake, alidhani analeta heri.

Nilipiga mkataba kwa mashine ya chapa. Jina: Otai. Kazi: nyapara. Majaribio: miezi mitatu, mwajiri anaweza kumwachisha bila kutoa sababu. Maneno haya niliyatunga mimi miaka miwili iliyopita, na nilisifiwa kwa ufupi wake.

Kisha Meneja akasukuma kibweta cha wino kuelekea kwangu. "Alama ya kidole gumba cha kulia."

Hapo ndipo nilipoelewa: alama hii ingewekwa kando ya ile ya kadi 88. Nilimtazama Meneja. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo.

Ningeweza kusema, "Ndugu, rudi Busia." Maneno matatu. Kwa Ateso, lugha ya kwao Imalingat, Meneja angesikia, ni lugha yake pia. Kwa Kiswahili angesikia. Kwa macho, Imalingat hakuwa ananitazama macho, alikuwa anautazama mkataba usiosomeka kwake, anatabasamu.

Nikamshika kidole. Kazi yangu ni kukizungusha, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kukandamiza sana. Nilifanya vizuri. Mstari mweupe ulitokea katikati ya wino, wazi kabisa.

"Asante, karani," akaniambia. "Wewe nasaidia sisi sana. Mungu akuweke."

Jumanne, 21 Februari

Sikwenda Osukuru kuwaonya.

Jumatano, 22 Februari

Sikwenda leo pia. Nimejiambia nina homa. Robinah amenishika paji la uso akasema ni baridi.

Jumanne, 28 Februari

Meneja aliniita, akafunga mlango, akaniwekea mezani kadi 88 na mkataba, alama mbili za kidole ubavu kwa ubavu. Hakupaza sauti.

"Una njia mbili tu. Uliandika fomu ya uongo ukijua, na hiyo ni jela. Au ndugu hawa wawili walikudanganya, na wewe ni karani mwaminifu aliyedanganywa. Uchague mwenyewe. Mimi nakuheshimu, Eriya. Nataka msimu ujao uwe Afisa wa Wafanyakazi, na ofisi yenye mlango."

Nilimuuliza kwa nini asingelipa tu, fidia inatoka kwa kampuni ya bima, si mfukoni mwake. Akasema akiruhusu mtu mmoja asiye na kadi, kesho wote mia na arobaini wana ndugu. Kisha akasema jambo ambalo nimelitafuna siku nzima: "Ulidhani wakati ule juu ya sanduku nilikuwa nasema uongo? Nilikuwa nasema kweli. Lakini sikuwa na kinu."

Jumapili, 5 Machi

Mawingu upande wa Busia. Hayajanyesha. Kanisani sikusimama kwa sala ya toba, niligusa goti nikasema linauma.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na shauri limekwisha leo.

Ofisi ya Afisa wa Kazi ina madirisha mawili na bati linalopiga kelele. Afisa ni mtu wa Bugisu, mzee kidogo, Kiswahili chake ni cha kambini, hana haraka. Walikuwepo Otai na mama yake, Imalingat katika ovaroli mpya ya unyapara, Meneja, na mimi. Otai alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, mkono mmoja wa koti umefungwa kwa pini.

Afisa alimuuliza jina. Otai akamtazama mama yake, akasema, "Imalingat." Meneja akasimama, akaweka karatasi mbili mezani. Afisa alizitazama kwa kioo, akamwita Imalingat, akamgeuza kidole gumba, akaliona kovu. Hapakuwa na la kubishana. Imalingat alielewa hapo hapo, mbele yetu wote. Alikitazama kidole chake, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliwafundisha uongo huu?" Afisa akauliza.

Nilisubiri Mama Asekenye anyooshe kidole kwangu. Hakunyoosha. Mpaka sasa sijui kwa nini. Nadhani alikuwa bado ananipa nafasi.

Afisa akavua miwani. Alikuwa na hasira, lakini si ile niliyoitarajia.

"Sikilizeni. Hii karatasi ni uongo, naitupa. Lakini mtoto amepoteza mkono, na huo mkono si uongo. Mimi nauliza jambo moja tu. Sheria haijali kadi. Kama wakubwa wa kinu walijua huyu kijana anafanya kazi, wakamwacha afanye, basi ni mfanyakazi wao, jina lake liwe Otai au Musa, na nitaandika alipwe. Mngeniletea hilo tangu Januari ningemaliza siku moja." Akageuka. "Karani. Wewe ndiye unakaa langoni. Ulijua huyu kijana anafanya kazi pale?"

Basi ilikuwa rahisi hivyo. Ukweli ule ule nilioufikiria dakika tano ulikuwa unatosha kumwokoa. Ujanja wangu wote, jina, kidole, karanga za njiani, sikuufanya kwa ajili ya Otai. Niliufanya ili nisitajwe. Na hata pale, baada ya yote, mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu lilitakiwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Meneja alikuwa anatazama kofia yake. Mama Asekenye alikuwa ananitazama mimi, ameinamisha kichwa mbele kidogo kama mtu mwenye masikio mabaya.

"Sikujua," nikasema.

Afisa akaniuliza mara ya pili, polepole. Nadhani alikuwa anajua.

"Sikujua, bwana. Walinidanganya. Huyu kijana simfahamu."

Akaandika. Dai limekataliwa.

Meneja alinipa nafasi katika gari lake kwa sababu ya mvua. Nilipanda. Wao watatu tuliwapita barabarani.

Ijumaa, 10 Machi

Robinah amesikia sokoni. Aliniwekea chakula, akasimama mlangoni.

"Humfahamu? Alikuwa anakunywa maji kwa kikombe hiki."

Nikaanza kumweleza habari za watoto na shule. Akasema watoto angewauzia mihogo wakasoma. Kisha akaenda kwa dada yake kule Paya, na hajasema atarudi lini.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepiga barua ya kumwachisha kazi nyapara "Otai", yaani Imalingat, kwa kutumia jina lisilo lake, na kwa mujibu wa kifungu cha majaribio. Meneja amesema hatuwapeleki polisi, kwa kuwa sisi ni Wakristo. Nilitia sahihi mimi, kwa niaba yake. Barua ina mistari minne, haina kosa hata moja la chapa.

Jumatano, 15 Machi

Swaliki ameshusha magunia na kuondoka bila kunisalimu. Mtu yule hupiga soga mpaka na walinzi. Nilimfuata hadi kwenye lori, nikamuuliza kama kuna tatizo.

"Mimi nalileta yule mtu hapa na gari yangu," akasema. "Wewe nalijua kitu iko ndani, na wewe nanyamaza. Hapana ongea na mimi tena, karani."

Jumamosi, 18 Machi

Mvua. Pamba inayoletwa sasa ni mbovu, imelowa. Barua yangu ya Afisa wa Wafanyakazi imefika. Wamesahau kutaja mlango.

Jumanne, 21 Machi

Robinah amerudi. Anazungumza nami mambo ya nyumba: chumvi imekwisha, bati linavuja.

Alhamisi, 23 Machi

Mali ya kinu lazima irudishwe ndani ya siku kumi baada ya mtu kuachishwa. Ni kanuni. Leo ilikuwa ya kumi, na nilikuwa natumaini watapuuza. Nilikuwa nimeamua kulipa ovaroli ile mwenyewe na kuyamaliza.

Saa tano akaja Otai. Amelowa mpaka magotini, ovaroli imekunjwa ndani ya jani la mgomba ili isiguswe na mvua. Kaka yake ana haya, akasema, kwa hiyo mama amemtuma yeye. Aliiweka mezani, akaanza kuikunjua kwa mkono mmoja ili nione haijachanika. Ilimchukua muda mrefu. Nilitaka kumsaidia, nikaogopa kuinuka.

Kisha akanyoosha mkono kunisalimu.

"Samehe mimi, karani. Hapana heshima, lakini nabaki hii ya kushoto tu."

Aliniomba msamaha! Mimi! Nilinyoosha wangu wa kulia, mikono haikukutana vizuri, nikashika vidole vyake tu. Nilitaka kusema yote hapo hapo. Nilisema, "Mama hajambo?"

"Yuko," akasema. "Yeye nalima kidogo kidogo. Anakusalimia."

Nilifungua kitabu cha mali. Ovaroli moja, nzima, imefuliwa. Safu ya mwisho: imerudishwa na nani. Nilimuuliza jina, kwa sababu kanuni inataka niulize, na kwa sababu sikuwa na haki tena ya kujifanya nalijua. Akasita, akanitazama kama mtu anayeuliza ni lipi ninalolitaka leo.

"Lako," nikasema. "Lile lako mwenyewe."

"Otai."

Nikaliandika. Misimu miwili amesimama kwenye mashine namba nne, na katika vitabu vyote vya kinu hiki hii ndiyo mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwa ajili yake mwenyewe. Limeandikwa kwa mwandiko wangu, kwenye ukurasa wa nguo zilizorudishwa.